Mchezaji Mwenye Majina Mawili

Muhula uliopita tuliwaonyesha vijana wa darasa letu la juu picha ya senema iitwayo The Way, maana yake Njia. Ilipokwisha, kijana mmoja aliyeketi nyuma alisimama akauliza, "Mwalimu, huyu mzee aliyebeba majivu ya mwanawe, ni mtu wa dini kweli, au anacheza tu?" Wenzake wakamcheka. Sisi hatukucheka, kwa kuwa swali lile ni gumu kuliko alivyodhani mwenyewe. Tukamwambia angoje. Tangu siku ile tumetazama tena picha nyingine za mchezaji yule, Martin Sheen wa Marekani, na kuyafikiri mambo ya maisha yake yaliyo wazi kwa watu wote. Haya tunayoandika ni jibu letu kwa kijana yule, na labda kwa wasomaji wengine waliopata kujiuliza kama mtu anayekula mkate wake kwa kujifanya mtu mwingine aweza kuwa mkweli mbele ya Mungu.

Tuanze na jina, maana katika habari hii jina si jambo dogo. Martin Sheen si jina lake la kuzaliwa. Alizaliwa tarehe 3 Agosti 1940 mjini Dayton, katika jimbo la Ohio, akaitwa Ramón Estévez. Baba yake, Francisco, alitoka Galicia katika nchi ya Hispania, naye alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha mashine za kuhesabia fedha. Mama yake alikuwa mwanamke wa Ireland. Watoto walikuwa wengi, na mali ilikuwa haba. Mtoto huyu alipozaliwa, koleo la uzazi lilimponda bega, na tangu hapo mkono wake wa kushoto haukupata nguvu kamili. Mtazamaji mwenye macho ataona hata leo jinsi anavyovaa koti: hulirusha juu ya kichwa chake lote kwa mara moja, wala hapitishi mkono mmoja kwanza kama tufanyavyo sisi. Wengi hudhani ni madaha ya mchezaji, kumbe ni kilema.

Alipokuwa mvulana alibeba mikoba ya matajiri katika uwanja wa gofu, na akiwa na umri wa miaka 14 aliwaongoza wavulana wenzake kugoma. Hilo lilitangulia senema na lilitangulia sifa yoyote; msomaji alishike, kwani tutalirudia.

Baba alitaka mwanawe aende chuo kikuu. Mwana alishindwa mtihani wa kuingia, naye amekiri kwamba alishindwa kwa makusudi. Akaazima fedha kwa padre mmoja, akaenda New York kutafuta kazi ya mchezo. Huko aliona kwamba mtu mwenye jina la Kihispania hupewa sehemu chache, nazo duni. Basi akajitengenezea jina jingine. "Martin" hakulichukua katika ukoo wake, na "Sheen" alilitwaa kwa Askofu Fulton Sheen, mhubiri ambaye Wamarekani wengi walimsikiliza katika televisheni miaka ile ya 1950. Lakini hakubadili jina lake mbele ya sheria. Katika cheti cha ndoa na katika pasipoti ni Ramón Estévez. Amesimulia jinsi baba yake alivyokuja kumtazama akicheza mwaka 1964, akainua macho kwenye ubao wa nje ya jumba la mchezo, akaona jina geni pale palipotazamiwa kuwa na jina la ukoo wake. Mwaka 2022, akiwa mzee wa miaka 80 na zaidi, alisema waziwazi kwamba alijuta kulibadili.

Sisi walimu twaelewa. Kila mwaka twafungua daftari la majina, na kila mwaka wako wazazi wanaotaka jina la babu liandikwe, na watoto wanaotaka lile la ubatizo peke yake kwa kuwa la babu linawatia haya mbele ya wenzao. Tofauti ni kwamba Ramón alijificha nyuma ya jina la askofu ili apate mkate, na baadaye ikambidi aishi kama mtu anayestahili kuitwa kwa jina la askofu.

Hakuishi hivyo mapema. Sifa yake ya kwanza kubwa ilitoka katika Badlands ya mwaka 1973, picha ya Terrence Malick, ambamo alikuwa kijana mwuaji, mpole wa sura, anayeua watu bila hasira wala sababu. Ni kazi nzuri na ya kutisha. Ikafuata Apocalypse Now, iliyoongozwa na Francis Ford Coppola na kuonyeshwa mwaka 1979. Hadithi yake imejengwa juu ya kitabu cha Joseph Conrad kihusucho Mto Kongo, lakini Coppola aliihamishia katika vita vya Vietnam, na picha yenyewe ilipigwa Ufilipino. Sheen ni kapteni anayetumwa kupanda mto akamwue kanali wa jeshi lake mwenyewe aliyeingiwa na wazimu.

Hapa yatupasa kukaa kidogo, kwa sababu jibu la kijana wetu laanzia hapa. Mwanzo wa picha ile twamwona kapteni peke yake katika chumba cha hoteli, amelewa, anajitupa huku na huku, anapiga kioo kwa ngumi, na damu inamtoka mkononi. Damu ile ni damu kweli. Siku ile, tarehe 3 Agosti 1976, ilikuwa siku yake ya kutimiza miaka 36, naye alikuwa amelewa kweli, na kioo kilikuwa kioo kweli. Coppola alitaka kusimamisha kazi akaite mwuguzi. Mchezaji akakataa, akataka waendelee. Wengi wamesifu sehemu ile kuwa ni kilele cha ufundi. Sisi twasema kwa heshima kwamba hatuoni ufundi pale. Ufundi ni mtu kuonyesha maumivu huku ameyatawala. Pale twaona mtu aliyepotea, na mashine ya picha imesimama inamtazama. Ni sehemu isiyosahaulika, lakini haisahauliki kama vile ajali ya barabarani isivyosahaulika.

Miezi saba baadaye, mwezi wa Machi 1977, moyo wake ulishikwa na ugonjwa angali huko huko Ufilipino. Alikuwa peke yake usiku. Alijikokota kwa shida hata barabarani kutafuta msaada, na padre akaja kumpa mpako wa wagonjwa. Ndugu yake Joe aliitwa asimame mahali pake katika sehemu kadha wa kadha, akipigwa picha kwa mbali au kwa mgongo, mpaka mgonjwa aliporudi. Mtu angetazamia kwamba baada ya hayo angemrudia Mungu mara moja. Haikuwa hivyo. Aliogopa mauti, na hofu ilipopungua alirudia mambo yake ya zamani. Twapenda kwamba yeye mwenyewe hakuificha habari hii, maana hadithi za uongofu aghalabu husimuliwa kana kwamba mtu akipigwa pigo moja hugeuka siku ile ile.

Aligeuka miaka minne baadaye. Kwanza alikwenda India kwa kazi ya picha ya Gandhi, ambamo alikuwa mwandishi wa gazeti. Sehemu yake si kubwa, lakini umaskini aliouona huko haukumtoka moyoni. Kisha akiwa Paris alikutana tena na Malick, naye akampa kitabu cha Dostoevsky kiitwacho Ndugu Karamazov. Alipokimaliza, tarehe 1 Mei 1981, alikwenda akagonga mlango wa kanisa la Wakatoliki wasemao Kiingereza, akamwomba padre aliyemfungulia ampe kitubio. Msomaji aone: hapakuwa na tetemeko wala ndoto. Palikuwa na safari, rafiki, na kitabu kinene.

Sasa tufike kwenye jambo linalobishaniwa zaidi. Tangu mwaka 1986, alipokamatwa mara ya kwanza mjini New York pamoja na wenzake, akiwemo Padre Daniel Berrigan, kwa kupinga mpango wa serikali ya Marekani wa silaha za anga, amekamatwa na polisi mara zaidi ya 60. Amekamatwa mara nyingi katika jangwa la Nevada palipojaribiwa mabomu ya nyuklia. Aliandamana na wafanyakazi wa mashamba wa Cesar Chavez, na mwaka 2003 alipinga vita vya Iraki. Mwaka 1989 watu wa Malibu, pwani ya matajiri huko Kalifornia, walimpa cheo cha heshima cha umeya. Bila kukawia alitangaza kwamba mji ule ni kimbilio la watu wasio na makao na wa wageni wasio na hati, tena ni mji usiokubali silaha za nyuklia. Waliompa cheo walikasirika, na sisi tulipoisoma habari hiyo tulicheka peke yetu.

Wako wasemao kwamba haya nayo ni mchezo. Mtu ana sifa, ana fedha, akikamatwa asubuhi ataachiliwa jioni, na wapiga picha wako tayari. Hatuwezi kulipuuza neno hili. Ni kweli kwamba kufungwa kwa mtu mwenye jina hakumgharimu kama kunavyomgharimu kibarua, ambaye akikosa kazi siku mbili watoto wake hulala njaa. Kijana wetu naye angesema, "Anacheza tu." Lakini tukumbuke wale wavulana wa gofu waliogoma. Yule aliyewaongoza hakuwa na mpiga picha hata mmoja. Tena mwaka 2001, kwa kuingia bila ruhusa katika kituo cha makombora cha Vandenberg, alihukumiwa kuwa chini ya uangalizi wa mahakama kwa muda wa miaka mitatu, na wakati huo huo kila juma mamilioni ya Wamarekani walimtazama katika televisheni akiwa Rais wao, mkuu wa majeshi yote. Mtu anayetafuta sifa tu angekwisha kuipata kwa ile kazi ya urais wa televisheni. Hakuhitaji kwenda kuchokoza makombora. Mwenyewe amesema mara nyingi, kwa maneno tunayoyafupisha, kwamba mchezo humpa chakula, na kazi ile nyingine humpa uhai.

Tena iko picha moja isiyojulikana sana, In the King of Prussia, ya Emile de Antonio, iliyotoka miaka ya mwanzo ya 1980. King of Prussia ni jina la mji katika jimbo la Pennsylvania. Mwezi wa Septemba 1980 watu wanane, nao ni Padre Berrigan, ndugu yake Philip na wengine, waliingia katika kiwanda cha huko wakavigonga kwa nyundo vichwa vya makombora, wakamwaga damu juu ya karatasi. Walijiita Majembe, kwa kufuata nabii Isaya. Katika picha ile washitakiwa wale wanane wanacheza sehemu zao wenyewe. Na Sheen, aliyekuwa upande wao kwa moyo wote, anacheza sehemu ya nani? Hakimu anayewahukumu. Anaicheza kwa ukali, bila kumkonyeza mtazamaji kwamba yeye ni mtu mwema. Twaona huu ni unyenyekevu wa fundi: kumpa adui wa rafiki zake uso wake na sauti yake, asimfanye kikaragosi.

Hapa ndipo tunapotaka kulisema wazi neno letu la uhakiki, hata kama baadhi ya wasomaji hawatalipenda. Martin Sheen ni dhaifu pale anapocheza watakatifu, na ni hodari pale anapocheza watu wanaogombana na Mungu.

Chukua Entertaining Angels ya mwaka 1996, habari za Dorothy Day, aliyeanzisha nyumba za kuwalisha maskini wa New York. Sheen ni Peter Maurin, mwalimu wa Kifaransa aliyemwonyesha Dorothy njia ile. Picha ilitengenezwa na padre, Ellwood Kieser, kwa nia njema kabisa. Tena mchezaji alikuwa na deni la kulipa, kwa kuwa katika ujana wake, alipokuwa hana kitu, yeye mwenyewe alikula chakula cha bure katika nyumba za Dorothy Day. Ungedhani hapo ndipo angeng'aa. Walakini Maurin wake ni mzee mtamu mno. Anatabasamu, anatoa methali, anainua kidole. Hatumwoni akichoka, hatumwoni akinuka jasho, hatumwoni akikasirishwa na maskini anayeiba kijiko. Maurin mwenyewe, kwa habari zake, alikuwa msumbufu, asiyenyamaza, mwenye koti lililokunjamana. Mapenzi ya mchezaji kwa mtu yule yaliifunika kazi, kama mwanafunzi anavyoandika insha juu ya mama yake ikawa na sifa tupu, asionekane mama.

Kisha chukua The West Wing, mfululizo wa televisheni uliodumu tangu 1999 hata 2006, ambamo alikuwa Rais Bartlet. Yeye ndiye aliyetaka Rais huyo awe Mkatoliki aliyesoma katika Chuo Kikuu cha Notre Dame. Katika sehemu iitwayo Two Cathedrals, iliyoandikwa na Aaron Sorkin na kuonyeshwa mwezi wa Mei 2001, katibu wake mzee, aliyemjua tangu ujana, ameuawa katika ajali na dereva mlevi. Maziko yanafanyika katika kanisa kuu la Washington. Watu wakiisha kutoka, Rais anaamuru milango ifungwe. Anatembea peke yake katikati ya kanisa, anaielekea altare, anaanza kumkaripia Mungu. Anamhesabia mema aliyoyafanya na mabaya aliyolipwa. Maneno ya Kiingereza yakiwa hayamtoshi, anageukia Kilatini. Mwisho anawasha sigara, anaiangusha juu ya sakafu takatifu, anaisaga kwa kiatu, anaondoka.

Mwalimu mwenzetu mmoja, mtu tunayemheshimu, alituambia kwamba mtu wa dini asingekubali kuicheza sehemu ile, na kwamba sigara ile ni kufuru. Twamjibu hivi. Mtu asiyeamini hawezi kumkasirikia Mungu, atamkasirikia nani? Ayubu alilia juu ya majivu yake, na kitabu chake kimo katika Biblia, hakikutolewa. Nusu ya Zaburi ni manung'uniko. Mchezaji asiye na imani angeisoma hotuba ile ya Kilatini kama mtu anayesoma maandishi juu ya kaburi la mgeni. Sheen anaisema kama mtu anayezungumza na mwenye nyumba aliye chumba cha pili, ambaye ana hakika kwamba anasikia. Hiyo hasira ina uhusiano ndani yake. Tena, ulinganishe mchezo huu na kile chumba cha hoteli cha mwaka 1976. Kule alitokwa na damu kweli, nasi tulimwonea huruma tu. Hapa hakuna damu, hakuna kileo, mtu ana akili zake zote, kila hatua na kila neno limepimwa, nasi twatetemeka. Huo ndio ufundi, na kati ya chumba kile na kanisa hili umo ule mlango wa Paris alioubisha.

Kwa hiyo tulimwita kijana wetu tukamwambia, "Anacheza, ndiyo. Lakini tangu mwaka ule wa 1981 hachezi ili ajifiche." Akafikiri kidogo, akasema, "Basi katika The Way, kwa nini yule baba haendi kusali?" Tukafurahi kwamba aliona.

Maana ni kweli. Picha hiyo ya mwaka 2010 imeandikwa na kuongozwa na mwanawe Sheen, Emilio, aliyeshauriwa na baba yake alipoanza kazi asilibadili jina la ukoo. Kwa hiyo yeye ni Emilio Estevez. Sheen ni Thomas, daktari wa macho wa Kalifornia, mjane, aliyeacha kanisa. Mwanawe, ambaye Emilio mwenyewe amemcheza, amekufa kwa dhoruba katika milima ya Pyrenees, siku ya kwanza ya hija ya kwenda Santiago de Compostela. Baba anafika kuuchukua mwili, anauchoma, kisha anabeba mkoba wa marehemu na majivu yake, naye aishika njia ile ya kilomita 800 hivi kwa miguu. Padre mmoja mgonjwa anampa tasbihi. Thomas anamwambia kwamba yeye si mtu wa mambo hayo tena, lakini anaipokea, anaitia mfukoni. Picha haimfanyi apige magoti haraka. Anatembea, anagombana na wenzake wa njiani, usiku mmoja analewa na kutukana, kila mahali anamwaga majivu kidogo. Kuna sehemu zinazovuta muda, na nyimbo ni nyingi kuliko haja, lakini mchezo wa baba hauna kosa.

Huko Santiago mahujaji hupewa cheti kiandikwacho jina la aliyetembea. Karani anaandika jina la Thomas. Thomas anamwomba abadili, aandike jina la mwanawe. Tulipoitazama mara ya kwanza tuliiona kuwa sehemu ya huzuni tu. Tulipoitazama mara ya pili, tukijua habari za ule ubao wa New York mwaka 1964, na za Francisco wa Galicia aliyesimama chini yake, ambaye picha hii imewekwa wakfu kwa ukumbusho wake, tuliomba mashine irudishwe nyuma kidogo, tukamtazama tena yule mzee jinsi anavyoinama juu ya meza ya karani akingoja jina liandikwe sawasawa.